Ugomvi wa sabufa sebuleni huanzia kwenye kochi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo safu za ndoa hulitaja mara kwa mara, kisha hulimaliza kwa neno moja: punguza. Katika nyumba nyingi mmoja anapenda spika, amplifaya na sabufa kwa moyo wote, na mwenzake anataka utulivu, sebule nadhifu na kumsikia mtoto anapolia chumbani. Kwa kawaida mume ndiye hutajwa kuwa mwenye spika, ingawa wako akina mama wengi wanaojua kupanga muziki kuliko waume zao. Kwa hiyo nitasema "mwenye spika" na "mwenzi", kila msomaji ajiweke panapomhusu.

Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huu hauletwi na tabia ya mtu. Unaletwa na chumba. Watu wawili wakiwa sebule moja, wimbo mmoja, hawasikii sauti moja, na wote wawili husema kweli wanapobishana.

Tuchukue sebule ya kawaida ya futi 12 kwa 14, dari futi 10, kuta za tofali za saruji zilizopigwa lipu, vigae chini. Kwenye joto la nyuzi 28 sauti husafiri karibu mita 348 kwa sekunde. Ukigawanya mwendo huo kwa urefu wa chumba uliozidishwa mara mbili, unapata mdundo ambao chumba chenyewe kinauitikia. Futi 14, yaani mita 4.27, huitikia hezi 41 hivi, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde. Futi 12 huitikia hezi 48, na kimo cha futi 10 huitikia hezi 57. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne hulia hezi 41. Ina maana mpigaji akiugusa uzi ule, sebule nzima inavuma naye, na inaendelea kuvuma hata baada ya yeye kuuachia.

Mvumo huo hausambai sawasawa. Hujikusanya kwenye kuta, na zaidi kwenye pembe, halafu hupungua sana katikati ya chumba. Sasa tazama watu wanavyokaa. Mwenye spika amesikia kwamba kusikiliza vizuri ni kukaa mbali na ukuta, basi kiti chake anakileta katikati. Pale besi ni hafifu, naye anaongeza. Mwenzi amekaa kwenye kochi refu lililoegemea ukuta wa nyuma, au yuko kwenye kona ya korido akielekea jikoni, na kwake besi ileile imejaa. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili yaweza kuzidi desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na sikio la binadamu huihesabu desibeli 10 kuwa kama sauti mara mbili. Mmoja anasema besi haipo, mwingine anasema kichwa kinamgonga.

Kabla ya kununua chochote, wabadilishane viti. Chagueni wimbo wenye besi isiyokatika, acheni sauti palepale, kisha kila mmoja akae dakika moja katikati ya chumba, dakika moja kwenye kochi la ukutani, dakika moja mlangoni kwa korido, na dakika moja kitandani mlango ukiwa umefungwa. Mwenye simu ya kisasa anaweza kutumia programu ya kupima sauti, lakini aangalie kipimo alichochagua. Kipimo cha A kinaihesabu besi pungufu mno, kwani kwenye hezi 50 kinakata desibeli 30. Ndiyo sababu mtu huonyesha simu yake na kusema "mbona ni 65 tu" huku vioo vya kabati vinatetemeka. Tumia kipimo cha C kama kipo. Maikrofoni za simu nazo ni dhaifu kwenye besi, hivyo namba zile zichukuliwe kuwa za kulinganisha kiti na kiti tu.

Vitabu vya ufundi vitakuambia sogeza kochi mbele hadi theluthi ya urefu wa chumba. Katika futi 14 hiyo ni karibu futi 5 kutoka ukutani, na nyumba yenye seti ya makochi, meza ya kati na njia ya watoto haina futi 5 za kutupa. Sioni sababu ya kumlazimisha mwenzi aishi katika maabara. Kochi libaki ukutani. Kinachopaswa kubadilika ni mahali pa kurekebishia: besi ipangwe kwa sikio la aliyekaa kwenye kochi la ukutani. Mwenye spika apeleke na kiti chake huko. Atashangaa jinsi anavyohitaji besi kidogo.

Sabufa yenyewe ina mahali pake, na mahali hapo hupatikana kwa njia moja nzuri sana. Iweke sabufa juu ya kochi, hasa pale mnapokaa. Piga wimbo uleule wa besi kwa sauti ya wastani. Kisha mtu ainame, masikio yawe karibu na sakafu, apite polepole kando ya kuta zote. Kuna sehemu besi itavuma kama pipa, sehemu itapotea, na sehemu itasikika noti kwa noti, kila moja na nguvu yake. Weka alama ya chaki kwenye hizo za mwisho. Sauti husafiri vilevile pande zote mbili, hivyo ukiipeleka sabufa kwenye alama, kwenye kochi utasikia ulichosikia pale chini. Aghalabu hupatikana alama tatu au nne. Hapo mwenye spika anyamaze, mwenzi achague ipi kati ya hizo haiharibu sebule yake.

Sabufa inaweza hata kujificha nyuma ya kochi au chini ya meza ya pembeni, kwa sababu chini ya hezi 80 wimbi moja lina urefu wa zaidi ya mita 4 na sikio halitambui linakotoka. Acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 mbele ya tundu la hewa, na mwisho wa besi, yaani pale sabufa inapoziachia spika nyingine kazi, uuweke kwenye hezi 80. Ila hapa kuna sharti. Sabufa za bei ndogo zinazouzwa pamoja na vispika viwili vya inchi 3 hazina kitufe cha kuchagua mwisho huo. Vispika vile haviwezi kushuka, kwa hiyo sabufa hulazimika kubeba hadi hezi 150 au 200, na huko sikio linajua sauti inatoka wapi. Ukiificha nyuma ya kochi, mtangazaji wa taarifa ya habari ataongelea mgongoni mwako. Za aina hii zibaki karibu na televisheni.

Kama sabufa ina swichi ya fezi, ya 0 na 180, inayogeuza mwelekeo wa mtikisiko wake, mmoja akae kwenye kochi na mwingine aibadilishe mara kadhaa. Upande wenye besi zaidi ndio sahihi, halafu ndipo upunguze kitufe cha besi. Na kabla ya hayo, hakikisha nyaya za spika hazijapishana. Spika moja ikiungwa nyekundu kwenye nyeusi, koni yake, ule uso unaotikisika, inaingia ndani wakati ya mwenzake inatoka nje, besi za spika hizo mbili zinauana hewani, na mwenye nyumba anaendelea kuongeza sauti akidhani amplifaya imechoka. Mtihani wake ni betri ya volti 1.5: gusisha chanya kwenye waya mwekundu na hasi kwenye mweusi kwa nukta moja tu. Koni ikisogea nje, waya uko sawa. Nimeliweka hili hapa kwa makusudi, maana ni kosa la dakika mbili linaloweza kuleta ugomvi wa mwaka.

Usiku una somo lake. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell, Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi kwanza. Muziki uliopangwa vizuri mchana ukiupunguza saa tatu usiku unabaki kama redio ya mfukoni. Mwenye spika, bila kujua sababu, anaongeza tena kidogo ili besi irudi, na ule "kidogo" ndio unaomwamsha mtoto. Kitufe kilichoandikwa Loudness kwenye amplifaya nyingi kiliwekwa kwa ajili ya saa hizo. Kikiwashwa sauti ikiwa chini, kinarudisha besi bila kuongeza ukubwa wa wimbo mzima. Watu wengi hufanya kinyume: hukiacha kimewashwa mchana kutwa wakati sauti ni kubwa, na kinageuza kila wimbo kuwa tope. Kama hakipo, ongeza besi hatua mbili au tatu usiku, kisha asubuhi uirudishe.

Tamthilia na filamu zina tatizo jingine, na hapa mwenzi ana haki kabisa ya kulalamika: maneno hayasikiki, milipuko inasikika mtaa wa pili. Chanzo cha kwanza ni besi iliyozidi. Sauti ya mwanaume akiongea huanzia kati ya hezi 85 na 180, yaani mlemle ambamo sabufa ya bei ndogo inafanya kazi, kwa hiyo maneno yake yanavumishwa. Rudisha kitufe cha besi hadi theluthi. Pili, vispika viwili vitoke chini ya meza ya televisheni, vikae kwenye kimo cha sikio la mtu aliyeketi, sentimita 90 hadi 110 kutoka sakafuni, vikimwelekea. Tatu, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni au king'amuzi. Kama umeunga spika mbili tu, chagua stereo, la sivyo maneno ambayo katika filamu hupelekwa kwenye spika ya kati huweza kutoka madogo. Palipo na hali ya usiku, iwashe. Inapandisha minong'ono na kushusha milipuko.

Mwangwi unafuata. Simama katikati ya sebule upige kofi moja. Ukisikia mlio mkali unaoruka ukutani, chumba kitakuwa kikali hata kwa spika za bei ya gari. Vigae, lipu, vioo vya madirisha na meza ya kioo vyote hurudisha sauti nyembamba, na hizo ndizo zinazomchosha mwenzi hata pale anapokosa neno la kuieleza karaha yake. Zulia nene kati ya spika na kochi, angalau futi 5 kwa 7, linapunguza sana. Pazia zito lenye mikunjo, kitambaa kikiwa mara mbili ya upana wa dirisha, linafanya kazi kuliko pazia la wavu. Trei za mayai zilizogundishwa ukutani hazizuii chochote cha maana, zinakusanya vumbi na zinashika moto upesi. Sponji ya godoro ya sentimita 5 inafyonza sauti za juu na kuacha besi vilevile, na ikiwaka hutoa moshi wa sumu, kwa hiyo siishauri.

Ninachokishauri kwa moyo mweupe ni fremu ya kanga. Mwambie seremala atengeneze fremu ya mbao yenye urefu wa futi 4, upana futi 2 na kina cha inchi 4. Nyuma pigilia wavu mwepesi au nyuzi za katani ili kijazo kisimwagike, kisha jaza sufi bila kuishindilia. Unyuzi wa sufi una uwazi ndani kama mrija, na tabaka la inchi 4 hufyonza vizuri sauti za kati na za juu. Mbele vuta kanga moja ya pamba. Kanga ya kawaida ina karibu sentimita 150 kwa 110. Fremu ikilazwa kwa upana, inatosha kuzunguka pande zote na kubaki sentimita chache za kupigilia nyuma. Isogeze kanga juu kidogo kabla ya kupigilia, jina lisije likaangukia kwenye ubavu. Kitambaa kizito chenye nta kirudishe dukani: kiweke mdomoni upulize, hewa isipopita na sauti haipiti. Fremu mbili ukutani pembeni, pale ambapo ukiweka kioo unaiona spika ukiwa umekaa kwenye kochi, na moja nyuma ya kichwa, zinabadilisha chumba kizima. Rangi na jina la kanga achague mwenzi. Sufi nayo hushika moto, hivyo ikae mbali na soketi na taa za ukutani.

Lakini fremu hiyo, pazia na zulia hazizuii sauti kwenda chumba cha pili. Kufyonza mwangwi na kuzuia sauti ni kazi mbili tofauti, na fedha nyingi hupotea kwa kuzichanganya. Ukuta wa tofali za inchi 6 uliopigwa lipu pande mbili unazuia vizuri. Sauti hupita penye hewa. Uwazi wa sentimita 1 chini ya mlango wa sentimita 80 ni kama nusu ya asilimia ya eneo la mlango, na hata mlango ungekuwa wa chuma kizito, tundu hilo halitaruhusu zaidi ya desibeli 23 hivi kuzuiwa. Kipande cha mpira wa mlango kinachogusa sakafu ni bei ya soda chache. Angalia pia matundu ya hewa juu ya mlango, na madirisha ya vioo vya kulaza ambayo hata yakifungwa hayafungi.

Njia kubwa kuliko zote haionekani. Katika nyumba nyingi za chini za mabati, kuta za ndani huishia usawa wa dari, na dari za jipsamu za vyumba vyote huning'inia chini ya paa moja lililo wazi. Sauti hupanda kupitia dari ya sebule, hutembea juu ya ukuta na kushuka chumbani. Ndiyo maana mlango hufungwa na mtoto bado anaamka. Anayejenga sasa amwambie fundi apandishe tofali za ukuta kati ya sebule na vyumba mpaka zikaribie bati, kazi ambayo ikifanywa kabla ya dari ni tofali chache na siku moja. Aliyekwisha kujenga azibe matundu ya taa na viungo vya dari kwa jipsamu, kisha ahamishe spika zisiwe kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Kwa nyumba ya ghorofa, sabufa isikae moja kwa moja kwenye zege. Iweke juu ya kigae kizito kilicholazwa kwenye sponji ngumu ya sentimita 5, na mtikisiko unaopita kwenye sakafu utapungua. Besi inayopita hewani itabaki, hiyo dawa yake ni kitufe tu.

Nije kwenye vitambaa. Sebule zetu zina heshima ya vitambaa vya kufuma, juu ya televisheni, juu ya makochi na juu ya spika, na mwenye spika akivitupa kabatini ameanza vita vya bure. Kitambaa cha kufuma kwa uzi chenye matundu mapana hakiharibu sauti kikining'inia mbele ya spika. Kizito au chenye bitana ndicho kinachoziba twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba. Jaribio ni lile la kupuliza. Juu ya amplifaya ni habari nyingine. Matundu yale ya juu ndiyo yanayotoa joto, na kitambaa hata cha wavu kinalirudisha ndani, ndipo transista zinapokufa. Acha sentimita 10 juu yake zikiwa tupu. Chombo cha maua chenye maji kisikae juu ya kifaa chochote cha umeme. Mwenzi akielezwa sababu ya joto badala ya kuambiwa "usiguse", ataitafutia kitambaa chake mahali pengine, na juu ya sanduku la spika ni mahali pazuri tu.

Spika zikilazimika kukaa ndani ya kabati la televisheni, uso wake uwe sawa na ukingo wa rafu, usiingie ndani. Tundu la besi likiwa nyuma, lizibe kwa soksi safi iliyokunjwa, maana kabati na ukuta vinaongeza besi vyenyewe. Soksi ikidumbukia ndani, sauti haiharibiki lakini kuitoa ni kazi, kwa hiyo ikunje iwe nene.

Nyaya ni kero ya haki, na haina ugumu. Waya wa spika wa milimita 1.5 za mraba, wenye njia mbili, unatosha mita 10 kwa spika ya omu 8, upotevu wake ni kama asilimia 3. Spika ya omu 4 kwa umbali huo ipewe milimita 2.5. Hivyo hakuna sababu ya waya kukatiza sebule kwa kisingizio kwamba mfupi ndio bora. Uzungushe ukutani ndani ya trankingi ya plastiki ya milimita 16 kwa 16, iliyopakwa rangi ya ukuta. Nyaya nyembamba za kuleta muziki kutoka televisheni zisilazwe pamoja na nyaya za umeme, zitaingiza mngurumo.

Kuhusu fedha nitasema machache, kwa sababu ukubwa wa namba kwenye maboksi ndio unaodanganya. Wati za PMPO, yaani nguvu ya kilele inayoandikwa kwenye maboksi, hazina kipimo kimoja kinachofuatwa na wote. Geuza sabufa usome kibati cha nyuma: kikisema inakula wati 60, haiwezi kutoa wati 10,000, haijalishi boksi limeandikwa nini. Ukiongeza nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu, na ili sikio lisikie mara mbili unahitaji nguvu mara kumi. Muziki wa kuongea nao sebuleni hutumia karibu wati 1. Amplifaya ya kweli ya wati 50 kila upande inaitosha sebule niliyoieleza, na hoja ya kuuza iliyopo ili kununua kubwa zaidi haina msingi. Tena ndogo inayosukumwa hadi inakwaruza inamkera mwenzi kuliko sauti hiyohiyo ikitoka kwenye yenye nguvu ya akiba, na mkwaruzo huo ndio unaounguza twita.

Anayenunua mitumba asome volti kabla ya kutoa pesa. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Japani ni vya volti 100, vya Marekani ni 120, na soketi zetu ni 230. Vinahitaji trafo ya kushusha, yenye uwezo unaozidi kile kifaa kinachokula, na bei yake iwekwe kwenye hesabu ya nyumba tangu siku ya kwanza. Amplifaya kubwa za zamani hula wati 40 hadi 60 zikiwa kimya. Ikiachwa imewashwa mchana na usiku, wati 40 zinamaliza karibu uniti 29 za LUKU kwa mwezi. Mwenzi anayeuliza umeme umekwenda wapi anastahili jibu la namba, nalo ndilo hilo.

Vipokea sauti vya masikioni vinasaidia usiku, vyenye mgongo uliofungwa, kwani vya mgongo wazi vinavujisha wimbo kwa aliyelala pembeni. Lakini visiwe jibu la kila siku saa moja jioni. Anayeitwa kutoka jikoni mara tatu bila kuitika ameondoka nyumbani ingawa amekaa sebuleni. Shirika la Afya Duniani linaeleza kiwango salama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa 40. Mtoto anayecheza mbele ya spika yuko karibu nayo kuliko ninyi mlio kwenye kochi, na kila umbali ukipungua nusu, sauti inayotoka moja kwa moja kwenye spika huongezeka hadi desibeli 6.

Mambo hayo yakishapangwa, kaeni pamoja siku moja jioni. Mmoja aende chumbani afunge mlango, mwingine apandishe sauti polepole mpaka wa chumbani abishe ukutani. Bandika kipande kidogo cha utepe kwenye kitufe hapo: hiyo ndiyo alama ya usiku. Rudieni mchana, mwenzi akiwa jikoni na sufuria zikiwa motoni, mpate alama ya pili. Kama sauti inaongozwa kwa rimoti na kuonyesha namba, ziandikeni nyuma ya rimoti. Alama hizo zipimwe upya kila makochi yanapohamishwa, zulia linapotolewa kufuliwa au spika mpya inapoingia, maana chumba kitakuwa kimebadilika na namba ya zamani haitakuwa kweli tena.

Ni mimi,
Fundi wa spika na amplifaya,
Kariakoo, Dar es Salaam